Asilimia 94 ya Nini?

Tuseme mwenye kampuni ya kuondosha mizigo bandarini Kilindini ameagiza programu ya kukokotoa ushuru wa makontena. Wiki ya makabidhiano, vijana wa Nyali walioitengeneza wanamletea ripoti: majaribio yamefaulu kwa asilimia 94. Majaribio yenyewe ni 200. 150 yamefaulu, 10 yamefeli, 40 yamerukwa. Gawanya 150 kwa 160 yaliyoendeshwa, unapata 93.75. Gawanya kwa 200, unapata 75. Hakuna aliyedanganya.

Wanaoyaacha nje yaliyorukwa wana hoja. Jaribio la malipo linahitaji mfumo wa benki uwe hewani. Ukizimwa, jaribio halifanyiki, na kulihesabu kuwa limefeli ni kuitwika programu lawama isiyo yake. Fundi anayesaka hitilafu kila asubuhi anataka kujua yaliyoendeshwa yameangukaje, basi.

Ila mteja ananunua programu nzima. Na kuruka jaribio ni kazi ya sekunde: kwenye JUnit 5, zana ya kuandikia majaribio ya programu za Java, unaandika @Disabled juu yake, kwisha. Yaruke yale 10 yaliyofeli, na ripoti itasoma asilimia 100, yaani 150 kati ya 150, bila mstari hata mmoja kurekebishwa. Kwa sababu hiyo mimi naegemea kugawanya kwa yote, hasa ripoti inapotoka nje ya ofisi.

Zana nazo zina vituko vyao. Surefire, inayoendesha majaribio kwenye Maven (zana ya kuunda programu za Java), huchapa idadi nne: majaribio yote, yaliyofeli, yaliyokwama kwa hitilafu isiyotarajiwa, na yaliyorukwa. Yaliyofaulu utoe mwenyewe. Tena ile jumla inaitwa ya yaliyoendeshwa, kumbe yaliyorukwa yamo ndani! Ukiiagiza irudie yaliyofeli, jaribio likianguka kisha likafaulu mara ya pili, kazi nzima inapita. Kwa mtandao unaokatikakatika naielewa huruma hiyo. Kwa hesabu ya ushuru inayotoa jibu hili sasa na lile baadaye, siielewi.

Bwana wa Kilindini aombe idadi zote, pamoja na majina ya yale 40. Yakiwa ni ya rangi za vitufe, apokee programu yake. Yakiwamo ya kukokotoa ushuru, 94 na 75 zote zisubiri mpaka yaendeshwe.