Huku Mgombea Ndiye Anayeomba

Jamani, mimi nimezaliwa Tanga na siasa nazijua tangu sijaota ndevu. Kwetu kampeni zikianza, mgombea anakuja na khanga za kina mama, fulana na kofia za vijana, na kama mambo yake ni mazuri, sufuria ya pilau inatangulia kabla yeye hajafika. Nina baba mdogo pale Ngamiani ambaye sidhani kama amewahi kununua fulana ya kulalia tangu vyama vingi virudi mwaka 1992. Analala na kijani, anaamka na bluu, hana ubaguzi. Takrima hiyo ilikuwepo mpaka kwenye sheria, Mahakama Kuu ikaja kuifuta mwaka 2006, lakini khanga zenyewe nadhani hazikupata barua.

Sasa niko Pennsylvania, vitongojini, nje kidogo ya Philadelphia. Nimeapa uraia, nina mkopo wa nyumba, nina gari la familia lenye makombo ya biskuti kila kona, nina watoto wawili. Na huku mgombea ananiomba hela mimi. Mimi!

Meseji zinaingia alfajiri, zinaingia nikiwa kwenye foleni ya magari ya kushusha watoto shuleni. Wala haziniiti kwa jina langu. Zinamwita Debbie, ambaye naamini ndiye aliyekuwa na namba hii kabla yangu. "Debbie, tumekuandikia lakini kimya." "Debbie, mwisho saa sita usiku, dola 5 tu, tutazizidisha mara tano." "Debbie, mheshimiwa mwenyewe ameuliza mbona jina lako halimo." Vyama vyote viwili vinamdai Debbie, na kila kimoja kinamwambia asipochanga leo nchi imekwisha. Nikiwaandikia waniache, wa namba ile wanaacha, kesho wanakuja binamu zao kwa namba nyingine. Usiku simu inawaka kitandani, mke wangu anaisoma kabla yangu: "Debbie, tafadhali usituache sasa." Nieleze mimi ningeanzia wapi.

Na tatizo ni hapa tunapoishi. Huku rais anachaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo: Pennsylvania ina 19 kati ya 538, na anayefika 270 ndiye rais. Mwaka 2016 jimbo hili liliamuliwa kwa kura kama 44,000, mwaka 2020 kama 80,000. Kwa hiyo kila mwenye tai Washington anataka kujua nimeamkaje. Nina rafiki yuko California, jimbo la watu karibu milioni 39, na hakuna mgombea urais anayemsumbua kwa kura yake, maana kule matokeo yanajulikana mapema. Wakimfuata, wanafuata pochi. Mimi msimu ukifika kwenye televisheni siangalii mpira, naangalia matangazo yanayokatizwa na mpira. Mgombea amekunja mikono ya shati la drafti, amesimama shambani mahali ambapo ukimwacha peke yake hajui mahindi yapi soya ipi. Halafu anakuja mama mmoja ameketi mezani jikoni na bili ya umeme, anasikitika. Dakika mbili baadaye ni chama cha pili, mama mwingine, jiko lilelile, huzuni ileile. Mimi yangu naisikitikia bure, hakuna anayenipiga picha.

Sasa ngoja niwaambie walichofanya na hela za Debbie.

Mwaka 2025, tarehe 1 Oktoba, serikali ya shirikisho ilifungwa. Yaani wameshindwa kukubaliana bajeti, wakafunga duka. Siku 43! Mpaka wakati huo hakukuwa kumewahi kutokea kufungwa kurefu namna hiyo. Jirani yangu anakagua mizigo uwanja wa ndege. Alikuwa anaondoka gizani kila siku kwenda kazini bila mshahara, anarudi ananisaidia kukwangua majani. Wabunge wao mshahara uliendelea, dola 174,000 kwa mwaka, maana wao kulipwa kumeandikwa kwenye Katiba kabisa. Na msidhani jimbo letu lilikuwa na nafuu. Bajeti ya Pennsylvania ilitakiwa iwe tayari tarehe 30 Juni. Ikasainiwa tarehe 12 Novemba, siku hiyohiyo serikali ya Washington ilipofunguliwa, kama walioambizana. Miezi minne na zaidi, shule zinasubiri pesa, nyingine zikaenda kukopa.

Mimi nikichelewa kumchukua wa mwisho chekechea, natozwa kwa dakika. Kwa dakika, jamani! Mwalimu anasimama mlangoni na saa, mtoto ameshavaa koti, na ananitazama kwa huruma kwa sababu anajua baba yake anamaliziwa pesa. Ada yenyewe ya chekechea inakaribia ile ya nyumba. Laiti ningekuwa na Katiba na mimi.

Nikasema basi, wakati wa kupiga kura nitawaonyesha. Lakini kura huku ni Jumanne. Utaratibu huo uliwekwa mwaka 1845, enzi za wakulima wenye mikokoteni: Jumapili uende kanisani, Jumatatu uwe njiani, Jumatano usikose soko. Sisi hatuna mkokoteni, tuna kazi, na siku yenyewe si sikukuu ya taifa. Shule ya binti yangu ndiyo kituo cha kura, kwa hiyo siku hiyo inafungwa. Raia anayetaka kutimiza wajibu wake inabidi kwanza atafute mtu wa kukaa na watoto. Au nipige kwa barua, ambayo chama kimoja kinanisihi niipende na kingine kwa miaka kilikuwa kinaniambia ni wizi, kisha wakanitumia fomu.

Juzi huyu wa darasa la tano karudi na kazi ya shule, ramani ya majimbo ya ubunge ya zamani. "Baba, hii nini?" Nikaangalia. Jimbo la saba la hapahapa petu, lilivyochorwa mwaka 2011. Watu walikuwa wanaliita Goofy akimpiga teke Donald Duck, wale wa katuni, na ukilitazama vizuri kweli teke unaliona. Kuna mahali, kwenye kitongoji kinachoitwa King of Prussia, lilikuwa jembamba kiasi cha mkahawa mmoja wa samaki. Mahakama ya juu ya Pennsylvania ililitupa mwaka 2018. Nikafikiri wamejifunza. Mwaka 2025 Texas wakachora upya ili chama kimoja kijipatie viti vitano zaidi, California nao wakajibu kwa kura ya wananchi iliyoitwa Proposition 50 wapate vitano vya upande wa pili. Nyumbani kwangu anayekata keki ndiye anayechagua kipande cha mwisho, na sheria hiyo ilitungwa na mtoto wa miaka minne.

Nisiwadhulumu lakini. Aliyetoa yuko. Oktoba 2024 Elon Musk alikuja hapahapa Pennsylvania akaanza kugawa dola milioni moja kila siku kwa mtu mmoja aliyetia saini ombi lake. Baba mdogo Ngamiani alinipigia simu usiku, sauti inatetemeka: "Umesaini?" Baadaye mwendesha mashtaka wa Philadelphia akawapeleka mahakamani, na mawakili wa Musk wakaeleza kwamba washindi wala hawakuokotwa kwa bahati, walikuwa wakichaguliwa. Jaji akaacha ziendelee. Na mimi nasema, huo si ukarimu hata kidogo. Khanga ni khanga, inagawiwa mtaa mzima, mpaka mama asiyekipenda chama anapewa yake na anaivaa akienda kumpigia kura mpinzani.

Sasa tunaelekea tarehe 3 Novemba 2026, uchaguzi wa Bunge, na wameanza kubisha hodi. Jumamosi alikuja kijana mmoja, mpole, kifuani ana kitambulisho, mkononi kishikwambi. Akaniuliza ni suala gani linanigusa zaidi mimi na familia yangu.

Nikamwambia karibu. Nikamweleza ada ya chekechea. Nikamweleza basi la shule linalokuja linapotaka. Nikamweleza kwamba huyu binti yangu mkubwa mwezi uliopita walifanya mazoezi ya kujificha asije mtu na bunduki, na aliporudi akanionyesha palepale sebuleni jinsi wanavyokaa: nyuma ya kabati la vitabu, magoti kifuani, kiganja mdomoni, na akaniambia yeye amepangwa karibu na mvulana fulani ili amnyamazishe kwa sababu huyo ana kikohozi. Anayasimulia kama wanavyosimulia mchezo wa rede. Nikamwambia kijana, mimi hili ndilo ningependa mtu alizungumze akiwa amekunja mikono ya shati.

Kijana alinyamaza. Alisikiliza kweli, sitamsema vibaya. Akapekua kishikwambi chake juu, akapekua chini.

"Mzee, naweza kuweka 'uchumi'?"

Nikamwambia weka. Akaweka. Akashukuru, akatoa kikaratasi, halafu akauliza kama tungependa kuchangia kampeni, hata dola 5. Hapo mke wangu, ambaye alikuwa anakunja nguo na kusikiliza kila kitu, akatokea mlangoni.

"Fulana mmekuja nazo?"

Kijana akachangamka. Ndiyo, mama, fulana zipo, nzuri sana, za pamba, saizi zote, unaagiza kwenye tovuti yetu. Dola 35.

Mke wangu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, taratibu, bila hata kutabasamu: "Baba watoto, hebu muulize kwanza, Debbie wanampunguzia?"