Mzee Aulizwe Anataka Kuishi Wapi

Hapa Zanzibar, mzee akihamia katika nyumba za wazee, iwe ni Sebleni au Welezo, jambo la kwanza linaloulizwa mtaani ni nani aliyemtupa. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama mwenyewe alitaka kwenda. Kwangu mimi hilo la pili ndilo lenye uzito, na nimelifikiria sana tangu mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye sote tulimwita Babu, alipohamia Sebleni.

Babu hakuzaliwa visiwani. Alivuka kutoka Tabora katika miaka ya 1950, akiwa kijana, kufuata kazi ya karafuu kama walivyofanya watu wengi wa bara wa wakati ule. Alikuwa akitusimulia misimu ya Pemba kwa utulivu mkubwa: mchana kutwa juu ya mikarafuu, ujira ukihesabiwa kwa pishi, usiku wakikaa kuzichambua karafuu na kuzitenga na makonyo, na asubuhi kuzianika juu ya majamvi huku jicho moja likiangalia mbinguni, kwani wingu likitanda kila mtu hukimbilia kuanua. Msimu mmoja tawi lilimvunjikia, akaanguka, mguu ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa anachechemea. Alirudi Unguja akapata kazi ya kulinda ghala, akaoa mjane mwenye mtoto mdogo, na mtoto huyo akamlea kama aliyemzaa mwenyewe.

Bibi alipofariki, Babu alibaki peke yake katika chumba cha uani. Kijana aliyemlea, ambaye sasa anaishi Dar es Salaam kwa kupanga, alikuja kumchukua, tena kwa moyo safi. Babu alikataa. Alieleza kwamba huko angeshinda ndani peke yake tangu asubuhi mpaka kijana na mkewe warudi kutoka kazini, katika mji asikomjua mtu, ilhali Sebleni walikuwapo wenzake aliochuma nao karafuu na ambao angeweza kucheza nao bao. Siku ya kuhama hakukubali mtu mwingine amshikie bao lake, ubao mzito ambao kingo za mashimo yake 32 zimelainika kwa vidole vya miaka mingi. Kete zake za komwe alizifunga katika kitambaa akazitia mfukoni. Na bado yule kijana alisemwa vibaya mtaa mzima, hata na watu ambao hawakuwa wakimpigia hodi Babu.

Najua hoja ya wanaosema kwamba mahali pa mzee ni kwa watu wake, na siidharau. Dini yetu inatufunza katika Suratul Israa kwamba mzazi aliyefikia uzee tukiwa naye asiambiwe hata "ah". Lakini heshima hiyo inaanza na kumsikiliza. Mzee anayewekwa nyumbani kwa mwanawe kwa sababu tu familia inaogopa maneno ya watu, bila ya mtu wa kuzungumza naye, hajatendewa wema eti kwa kuwa paa ni la jamaa zake.

Nyumba za Sebleni zilijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, na wengi walioishi humo ni watu kama Babu, waliotoa nguvu zao mashambani na bandarini na kuzeeka bila ya ukoo wa karibu. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza pia kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikia umri wa miaka 70, awali shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye 50,000, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, fedha hainunui mtu wa kucheza naye bao, na wazee wengi wenye watoto na wajukuu wanakosa hasa hicho.

Kwa hiyo ningependa nyumba hizi zifungue milango kwa wazee wa mitaa ya jirani waje kushinda na wenzao na kurudi kwao jioni, na sisi tuliobaki mitaani tusingoje Ramadhani wala Idd ndipo twende kuwaamkia. Na kila mzee anapokaribia kuhamishwa, iwe ni Sebleni au kwa mwanawe Dar es Salaam, sheha, yaani kiongozi wa serikali katika eneo lake, na afisa wa ustawi wa jamii wakae naye faragha, jamaa wakiwa nje, wamuulize anataka kuishi wapi na kwa nini, na jibu lake liandikwe kabla ya jibu la mtu mwingine yeyote.