Daftari la maktaba ya video

Daftari lile bado ninalo. Ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, kurasa za mwanzo zimelowa soda zikakauka na kukunjamana. Kila mstari una tarehe, jina la mteja, namba ya CD, na alama ya vema pale alipoirudisha. Kuanzia 2007 hadi 2015 nilikuwa na maktaba ya video hapa Moshi, Majengo, chumba kimoja chenye rafu za mbao na makasha yaliyopangwa kuanzia sakafuni hadi darini. Kukodi kwa usiku mmoja ilikuwa shilingi 500. Ukichelewesha, 500 nyingine.

Muvi za Kinigeria zilikuwa na wateja wake, za Kihindi pia. Lakini zilizonilipia kodi ya chumba ni Bongo Muvi. Ijumaa jioni watoto walitumwa: "Shikamoo, mama anauliza kama kuna mpya ya Kanumba," yule mwigizaji aliyependwa sana. Ikitoka yenye sehemu ya kwanza na ya pili, mtu alichukua zote mbili, maana hakuna aliyekubali kulala bila kujua mwisho. Desemba ndiyo ilikuwa mavuno. Ndugu wamerudi kutoka Dar, nyumba za Kibosho na Marangu zimejaa, mtu anabeba CD kumi kwa mkupuo na kuacha kitambulisho. CD ikikwaruzika tuliipaka dawa ya meno, tukaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, ikarudi kazini.

Nasimulia haya ili ijulikane kwamba pesa ilikuwepo. Wanaosema sinema ya Tanzania haijawahi kuwa na soko hawakukaa nyuma ya kaunta yangu.

Mwaka 2011 aliingia binti mmoja. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu sura yake ilikuwa kwenye kasha nyuma yangu, pembeni, amesimama analia. Alikuwa mtoto wa hapahapa, wa Pasua, aliyekwenda Dar kutafuta maisha ya uigizaji. Akaniamkia, akalitazama lile kasha kwa muda, kisha akauliza, "Dada, hii inakwendaje?" Nikamwambia inakwenda sana. Akaomba nimwonyeshe. Tukafungua daftari na kuhesabu pamoja, kidole chake kikishuka mstari hadi mstari. CD ile moja ilikuwa imetoka mara 61. Akapiga hesabu kwenye simu yake: 30,500. Na nakala za muvi ile nilikuwa nazo tatu.

Yeye alilipwa mara moja. Alinitajia kiasi na sitakiandika, ni siri yake. Alichosema ni kwamba karibu nusu iliishia kwenye nauli na nguo, maana msanii alitakiwa aje lokesheni na nguo zake mwenyewe za kila sini. Kama sini ni ya harusi, gauni la harusi unalijua wewe.

Nilishikwa na aibu. Nikatoa elfu kumi kwenye droo, nikamwambia, "Chukua mdogo wangu, ya soda." Akairudisha juu ya kaunta.

"Sijaja kuomba, dada. Nilitaka kujua tu."

Miaka mingi imepita na jibu hilo halijanitoka, kwa sababu lilinionyesha kwamba nilichokuwa nakifanya pale ndicho tunachowafanyia waigizaji wetu wote. Chao kinapita mikononi mwetu kila siku, halafu tunawapa msaada.

Biashara ilikwenda hivi. Mtayarishaji hakuwa na mtaji wa kusambaza, kwa hiyo alimuuzia msambazaji masta, yaani nakala mama ya muvi, na ndani ya masta zilikwenda haki zote. Baada ya hapo, hata muvi ikionyeshwa kwenye mabasi ya Arusha na Dar kila siku ya Mungu, hata ikirushwa kwenye televisheni mara ishirini, hakuna kinachorudi kwa aliyeitengeneza. Mwigizaji alikuwa chini zaidi ya hapo. Yeye hata masta hakuwa nayo ya kuuza, aliuza siku zake. Mwaka 2013 zikaja stempu za TRA kwenye makasha, tukaambiwa ni dawa ya uharamia. Serikali ilipata ushuru wake na msambazaji akapata ulinzi. Aliyekwisha kulipwa na kumalizana nao hakuguswa na stempu ile kwa lolote.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na inamtambua mwigizaji kuwa ana haki zake katika uigizaji wake. Lakini haki ile anaikabidhi kwa saini moja, mara nyingi akiwa amesimama lokesheni, karatasi juu ya boneti ya gari, na kila mtu anamwambia afanye haraka jua linazama.

Marekani nako walikuwa hivyohivyo. Machi 1960 waigizaji wa Hollywood waligoma, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, huyuhuyu aliyekuja kuwa rais. Studio zilikuwa zinaziuza filamu za kwenye majumba ya sinema kwa vituo vya televisheni, zinalipwa mara ya pili, na mwigizaji hapati kitu. Mgomo uliisha Aprili. Walikubaliana kwamba filamu iliyoanza kupigwa baada ya Januari mwaka huo, ikiuzwa kwa televisheni, mwigizaji analipwa tena. Studio zikatoa dola milioni 2.25 kuanzishia mfuko wa pensheni na bima ya afya. Haki za filamu za nyuma ziliachwa, na wako wakongwe waliokufa na kinyongo hicho.

Sasa sikiliza. Mwisho wa mwaka huohuo, Howard Hawks, mwongozaji wa Hollywood, alileta kamera zake Arusha, akiwa na mwigizaji John Wayne, kuja kupiga filamu waliyoiita kwa neno letu, Hatari!. Walipiga Momella, chini ya Mlima Meru, na filamu ikatoka 1962. Mmoja wa waigizaji, Hardy Krüger, Mjerumani, alipapenda hadi akanunua shamba hukohuko. Alifariki 2022 akiwa na miaka 93. Ukienda Arusha leo, madereva wa watalii watakuonyesha alipokaa nani na faru alifukuzwa wapi. Mimi natamani na hili lisimuliwe: waigizaji Wamarekani waliofika pale walikuwa wanachama wa chama kilichotoka kushinda malipo ya marudio miezi michache tu nyuma. Walikuja na kifungu hicho kwenye mikataba yao. Walipoondoka walituachia hadithi za John Wayne, kifungu wakaondoka nacho. Na wenyewe hawajabweteka. Mwaka 2023 waligoma tena siku 118, safari hii kuhusu malipo ya filamu zinazotazamwa kwa intaneti na kuhusu akili mnemba kutumia sura zao.

Sisi tuna michango.

Kanumba alifariki Jumamosi, Aprili 7, 2012, siku moja kabla ya Pasaka. Kufika saa sita mchana hakukuwa na CD yake hata moja kwenye rafu zangu. Watu walikuja wakilia, wengine wakiomba wakae tu waangalie makasha. Wiki ile niliingiza pesa kuliko wiki ya Krismasi, na kutoka kwenye droo yangu haikwenda shilingi hata moja kwa familia yake. Hakuna aliyenidai. Hakukuwa na njia ya kunidai.

Mwigizaji Sajuki alichangiwa kwenda kutibiwa India, akafariki Januari 2013. Mchekeshaji King Majuto, ambaye sura yake ilijulikana kwenye kila nyumba yenye televisheni, naye alikwenda India akiwa mgonjwa na akatutoka Agosti 2018. Ilibidi mzee yule augue ndipo wizara iunde kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Nilichanga kwa simu kama wengine, na nitachanga tena kesho. Lakini mchango unamfuata mwenye jina. Yule aliyeigiza mama jirani, mlinzi wa geti, daktari wa sini moja anayetikisa kichwa na kusema "tumejitahidi", akiugua nani atatangaza namba yake? Nina makasha zaidi ya mia tatu nyumbani, na sehemu kubwa ya sura zilizomo sijui waliko.

Maktaba niliifunga kwa sababu ya flashi. Kijana mwenye kompyuta mpakato pale stendi alikuwa anaingiza muvi ishirini kwa bei ya kukodi nne kwangu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi za sanaa, na niliipokea vizuri, ila naomba hesabu ifike hadi kwa mwigizaji, isiishie kwa mwenye masta.

Kazi zenyewe zimehamia kwenye tamthilia. Kwenye chaneli kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu ya Azam, kuna watu wanarekodi mwezi mzima na wanalipwa kwa mwezi. Hilo ni jambo kubwa, na wasanii wenyewe wanakiri wanapumua. Lakini tamthilia hurudiwa. Inarudiwa asubuhi, inarudiwa mwaka ujao, inawekwa kwenye mtandao. Watayarishaji husema soko letu ni dogo, wakilipa kila marudio watafilisika. Kijana wa Arusha anayepiga muvi kwa kamera ya kuazima namwelewa kabisa. Ila ninachokitaka hakimtoi mfukoni: kituo kikilipia marudio, asilimia fulani iwe ya waigizaji. Kama hakuna marudio, hakuna deni.

Yule binti wa Pasua sasa ni mama wa watoto wawili na bado anaigiza. Mwezi uliopita alinitumia WhatsApp picha za mkataba wa tamthilia kabla hajasaini. Nilivaa miwani nikausoma wote. Ukurasa wa tatu kuna sentensi moja: msanii anakabidhi haki zote za matumizi ya sasa na ya baadaye, kwa njia yoyote, bila malipo ya ziada. Nikampigia. Akaniuliza, "Nikikataa si watamchukua mwingine, dada?" Nikamwambia inawezekana. Lakini aandike kwa peni, pembeni ya sentensi hiyo, anachokitaka yeye, kisha awarudishie.

Amewarudishia Jumanne. Bado hawajajibu.