Dakika za mchezaji wa akiba

Aprili 6, 2015, mjini Indianapolis, Duke walikuwa nyuma kwa pointi 9 kipindi cha pili katika fainali ya kikapu ya vyuo vya Marekani. Nyota wao Jahlil Okafor na Justise Winslow walishaelemewa na faulo, na faulo ya tano humtoa mchezaji. Aliyewaokoa ni Grayson Allen, kijana wa mwaka wa kwanza aliyesugua benchi karibu msimu mzima. Alifunga pointi 8 mfululizo za timu yake, akamaliza na 16, na Duke wakashinda 68-63.

Wanaowatetea wachezaji wa akiba huutaja sana usiku huo. Lakini Allen alikuwa akipata dakika 9 hivi tu kwa mchezo, kwa hiyo hata kocha mbahili wa dakika anaweza kumdai kuwa ushahidi wake. Naye ana hesabu yake: dakika 40 kwa watu watano ni 200. Wale watano wa kwanza wakicheza 34 kila mmoja, benchi zima linagombea 30.

Msimu huohuo kocha John Calipari wa chuo cha Kentucky alijaribu kinyume chake, vikosi viwili vya watano watano vikipokezana. Devin Booker, aliyekuja kuwa nyota wa ligi ya kulipwa ya NBA, hakuanza hata mchezo mmoja. Walishinda 38 bila kupoteza, kisha Wisconsin wakawatoa nusu fainali, 71-64. Zikiwa zimebaki dakika chache, saa ya sekunde 35, muda wa mwisho wa kutupa katika kila shambulio, iliwaishia Kentucky mara tatu mfululizo kabla hawajapata mtupo. Wapo wanaolaumu ule mgawanyo. Sikubaliani nao, kwa sababu mpango wenyewe ulishavunjika tangu Desemba, Alex Poythress, mmoja wa wale kumi, alipoumia goti.

Ninachokipinga ni dakika za huruma, mchezo ukiwa umeshaamuliwa. Mchezaji anaingia mwili umepoa, anakosa mtupo wake wa kwanza, na kabla hajarudi kukaba ameshageuza macho kumtazama kocha. Hapo hajifunzi chochote. Mpe dakika nne kipindi cha kwanza, kila mchezo, na ajue mapema kazi yake ni kumkaba nani.

Allen alibaki Duke, na msimu uliofuata, akiwa kikosi cha kwanza, akafunga wastani wa pointi 21.6. Leo huenda asingesubiri: tangu 2021 sheria inamruhusu mchezaji kuhama chuo na kucheza bila kukaa nje mwaka mzima.