Damu 9 sio kwamba huumwi: vipimo vya damu na ukali wa selimundu

Kwenye selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa damu, kuna ubishi hauishi, kwamba je majibu ya maabara yanaweza kutuambia nani ataumwa sana na nani ataumwa kidogo. Wengine wanasema ndio, mpimeni mtu mapema ili awahiwe. Wengine, na humo wamo wagonjwa wengi wenyewe, wanasema hizo namba zimewaponza, mtu anafika hospitali kajikunja kwa maumivu alafu anaambiwa damu yako 9 (yani hemoglobini, gramu 9 kwa desilita) mbona uko vizuri. Mi naona wote wana hoja, ila kila mmoja anaongelea kitu chake.

Wanaotetea vipimo ushahidi wao sio mdogo hata kidogo. Kuna hemoglobini ya kichanga, HbF, ile mtoto anayozaliwa nayo, hii inazuia HbS, hemoglobini yenye kasoro ya selimundu, isijipange kuwa nyuzi ngumu zinazopinda seli, ndo maana mtoto mwenye selimundu miezi ya mwanzo anakuwa hana shida yoyote, matatizo yanaanza HbF ikishashuka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1991 ulionyesha wenye HbF nyingi wanapata krisisi, yani vipindi vya maumivu makali, chache, na 1994 ikaonekana wenye HbF ndogo wako kwenye hatari zaidi ya kufa mapema. Seli nyeupe nazo zikiwa juu muda wote hata bila maambukizi sio dalili nzuri, maana zinanata kwenye kuta za mishipa na kuchangia kuiziba. Alafu kuna dawa ya hidroksiyurea, inapandisha HbF na kushusha seli nyeupe, na majaribio yaliyotolewa 1995 yalionyesha kwa watu wazima inapunguza krisisi karibu nusu. Kwa hiyo kusema namba hazina maana yoyote, hapana, hilo sikubali.

Lakini sasa chukua kipimo ambacho kila mtu anakitaja, wingi wa damu. Ungedhani mwenye 10 lazima ana nafuu kuliko mwenye 6, kumbe sio hivyo. Yule wa damu ndogo seli zake zinavunjika kwa kasi, LDH na bilirubini (vitu vinavyopanda kwenye damu seli zikivunjika) ziko juu, macho ya njano, na huyo ndo unamuhofia zaidi kiharusi na vidonda vya miguu visivyopona. Mwenye damu nyingi kidogo, kwa kuwa damu yake ni nzito, ndo anaandamwa zaidi na maumivu ya mifupa, nyonga kufa, na kifua kubana ghafla. Wapo watafiti wanaoupinga mgawanyo huu, wanasema wagonjwa wengi wana vyote viwili, na kweli wodini ndo unavyowakuta. Ila hata ukiuchukua nusu nusu, tayari huwezi kuwapanga watu kwenye mstari mmoja wa mkali na mpole kwa namba moja.

Dawa ya voxelotor ndo inanifanya niwe mkali kwenye hili. Marekani waliipitisha 2019 kwa sababu inapandisha hemoglobini na dalili za seli kuvunjika zinashuka, yani kwenye karatasi kila kitu kizuri, wakati kupungua kwa krisisi hakukuthibitishwa. September 2024 kampuni ya Pfizer wakaiondoa sokoni dunia nzima, baada ya takwimu kuashiria krisisi na vifo kuwa vingi upande wa waliokuwa wakiitumia. Namba ilipona, mtu hakupona.

Hata HbF yenyewe ina mtego wake, maana majibu ni wastani tu. Watu wawili wote wana asilimia 15, mmoja imesambaa kwenye seli karibu zote, mwingine imejaa kwenye seli chache na zilizobaki hazina kinga kabisa, na karatasi zao zinafanana. Na kwa watoto, kipimo kinachoaminika zaidi kutabiri kiharusi wala sio cha damu, ni altrasaundi ya mishipa ya kichwa inayopima kasi ya damu, ikifika sentimita 200 kwa sekunde mtoto anaanzishiwa kuongezewa damu mara kwa mara.

Kwangu mimi kipimo kina faida kubwa ukikilinganisha na cha mtu huyo huyo akiwa mzima. Mwenye 7 ya siku zote akikutana na daktari asiyemjua anaweza kukimbiziwa chupa ya damu asiyoihitaji, na mwenye 9 ya siku zote akishuka mpaka 7 anaweza kuambiwa ni kawaida ya selimundu, wakati pengine bandama imemeza damu au uboho umesimama kutengeneza seli. Kwa hiyo majibu ya siku za kawaida yawekwe, hata picha kwenye simu inatosha. Ila maumivu hayana kipimo cha damu cha kuyathibitisha wala kuyakanusha, na mwongozo wa wataalamu wa damu wa Marekani wa 2020 unataka mgonjwa apate dawa ya maumivu ndani ya saa moja tangu afike, majibu ya maabara yawe yametoka au bado.