Ndoo Zangu Ni Sita, Zote za Maji

Leo siinuki. Ukinikuta hapa kibarazani, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, nisalimie upite. Usiniulize nimefanya nini. Aliyenifanya hivi ni binti yangu wa kumzaa, na silaha aliyotumia ni daftari.

Alikuja nalo Jumapili. Jalada gumu, ua la dhahabu, kalamu imechomekwa pembeni kama kipimajoto kwapani. Akaliweka mbele ya chai yangu kwa adabu zote, mithili ya mshenga anayewasilisha barua ya posa. "Baba," akasema, "nataka uandike humu mambo yote unayotamani kuyafanya kabla ya... kabla ya..." Akakwama. Akatazama dari, akamtazama mama yake. Mama yake akatazama sukari.

"Kabla ya nini?" nikauliza. Mimi ni mwalimu mstaafu, sentensi isiyokwisha hunipa kipandauso.

"Kabla ya uzee, baba."

Nina miaka 64. Kikokotoo cha pensheni kimeshanikokotoa. Magoti yangu yanatabiri mvua kuwashinda watu wa redioni. Nikiinuka kwenye kiti, mjukuu huhesabu tatu, mbili, moja, kana kwamba anarusha roketi. Huo uzee tunaoungojea unatokea wapi, kwa meli?

Eti wenzetu Ulaya na Marekani kila mtu mzima anayo orodha hiyo, na wanaiita orodha ya ndoo. Mke wangu kusikia ndoo akageuka: "Ndoo ipi? Ile ya bluu ina ufa, msiiguse." Ikabidi binti afafanue kwamba Mwingereza akitaka kusema fulani amefariki, husema fulani kapiga teke ndoo, kwa hiyo yale ni mambo ya kufanya kabla hujaipiga. Sasa mimi hapa Kimara, Dar es Salaam, ninazo ndoo sita, zimejipanga koridoni kama wanafunzi wakati wa wimbo wa taifa, na maji yenyewe hutoka yanapojisikia. Piga teke moja kati ya hizo uone. Orodha hutaihitaji tena. Utakufa palepale, na aliyekuua atatoka jikoni na mwiko.

Nikasema haya, mimi si mtu wa kukataa elimu. Nikaandika. Plasta ya chumba cha nyuma. Bati mbili za jikoni. Koki ya tenki, inayovuja tangu Pasaka. Kumdai shemeji. Binti akasoma, machozi yakamlengalenga. "Baba, hii ni karatasi ya fundi! Wenzako wanaandika kuruka kutoka kwenye ndege!"

Kuruka. Mimi nimeruka kutoka kwenye daladala inayotembea kila siku ya kazi kwa miaka 34, bila parachuti, madaftari ya darasa la sita kwapani. "Wanaogelea na samaki!" Nilishaogelea nao, mafuriko ya Desemba 2011, tulipokuwa tumepanga Jangwani, na hao samaki walikuwa wametoka kwenye friji ya jirani. "Wanasafiri kwa treni!" Hapo nikamnyamazisha, maana treni ya umeme ya Dodoma nimeipanda mwaka uleule wa 2024 ilipoanza. Safari niliipangia kama harusi, nikafunga na karanga za njiani. Nikasinzia kabla ya Pugu, nikazinduliwa watu wanashusha mabegi Dodoma. Karanga nilirudi nazo.

"Sema kweli, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Kitu kimoja tu."

Nikateleza. Nikasema: mlima.

Nimefundisha jiografia tangu nina ndevu nyeusi. Vizazi vyote vimepita mbele yangu vikiimba Kibo, Mawenzi, Shira, na aliyesahau mita 5,895 alibaki darasani wenzake wakienda kucheza. Mimi mwenyewe mlima huo sijauona. Nimepita Moshi mara moja, kwenye basi, nikiwasindikiza wanafunzi kwenye michezo. Dereva akapunguza mwendo, watoto wote wakajaa dirishani upande wa mlima, na mlima ukawa umejifunika gubigubi kama mgonjwa wa malaria. "Mwalimu, uko wapi?" Nikawaonyesha wingu. Nikawaambia uko humo.

Basi ningejua ningetaja kitu kingine. Mjukuu akachukua simu ya mama yake, akaniletea habari za bibi mmoja wa Kimarekani, Anne Lorimor, aliyefika kileleni mwaka 2019 akiwa na miaka 89. Tisini kasoro moja! Mwaka huo mimi nilikuwa na 58 na ngazi za benki nilishaanza kuzinunia. Kijana akapiga hesabu: ghorofa moja ni kama mita 3, kwa hiyo Kilimanjaro ni ghorofa 1,965. Nikamwambia afunge simu. Akasema, "Lakini babu, lango la Marangu lenyewe liko karibu mita 1,900 juu, hizo hupandi." Akanipunguzia zikabaki 1,331 na ngazi kidogo. Ametoka kwa bibi yake huyu, anajua kushusha bei.

Mazoezi, wakaamua, yawe ya ngazi. Vilima Kimara vipo, ila mtu mzima akionekana anapanda na kushuka kilima kimoja mara tano bila mzigo, majirani humpigia mkewe simu. Na kwa kuwa koki ilikuwa inanipeleka Kariakoo kwa vyovyote, nikasema nitafute ghorofa hukohuko.

Ndiyo leo asubuhi hiyo. Nikavaa Kaunda suti ya kijivu kwa heshima ya mlima, daftari la dhahabu kwapani. Nikapata jengo la ghorofa sita, lifti imebandikwa karatasi, na mlangoni mlinzi, kijana mdogo, rungu mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Napanda tu."

"Unapanda kwenda wapi?"

"Juu."

"Juu kwa nani?"

"Juu ni juu, mwanangu. Nikifika nashuka."

Akaitazama suti. Akalitazama daftari. Akaitazama kalamu. Nikaona rungu linawekwa chini polepole. "Samahani mzee wangu," akasema amesimama wima, "wewe ni mtu wa serikali?"

Na mimi, kwa kiburi changu cha kipumbavu, nikasema, "Nimeitumikia miaka 34."

Akanipa daftari la wageni. Kwenye sababu ya kuja nikaandika Mazoezi. Akasoma, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa fumbo. Sijamaliza hata ngazi ya kumi nikamsikia kwenye simu: "Wameingia. Mmoja. Mzee. Ana daftari."

Ghorofa ya kwanza nikasikia mageti ya bati yanashushwa, gragragra, moja baada ya jingine. Nikadhani wanafungia chakula cha mchana, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Ya pili, mtoto wa duka akanipita mbio kuelekea juu, kandambili moja kaiacha. Ya tatu pumzi ikakata. Mjukuu alikuwa ameniagiza niandike mapigo ya moyo kila ghorofa, basi nikaegemea ukuta, nikashika mshipa, nikatazama saa, nikaandika 131. Nyuma ya mlango uliobaki wazi kwa upana wa jicho, nikasikia mnong'ono: "Anaandika! Anaandika!"

Hapo ndipo aliponipita kijana mmoja na robota la mitumba kichwani, anapanda kama anakwenda msalani kwake. "Shikamoo mwalimu! Kibo, Mawenzi, Shira!" Nilimfundisha, sura naijua, jina limenitoka. Shikamoo yake ilinikuta ghorofa ya tatu. Marahaba ilinitoka ghorofa ya nne, yeye ameshatua mzigo na anashuka. Akanipungia mkono.

Ghorofa ya nne kulikuwa kimya kama msikitini mchana. Duka moja tu la vitenge lilikuwa bado halijafungwa, na mama mwenyewe, dera limembana pumzi, akanitolea kiti na soda ya baridi.

"Karibu baba. Mashine ya risiti imeharibika jana tu, wallahi, fundi nimeshampigia."

Nikakaa kwa sababu sikuwa na pumzi. Nikanyamaza kwa sababu hiyohiyo. Kunyamaza kule kukamtia kiwewe.

"Na ule mzigo wa juzi si wangu, baba. Ni wa shemeji."

Nikapeperusha mkono kumwambia aniache nipumue. Akaelewa vingine. Ikaja soda ya pili na sambusa mbili kwenye kisahani. Nasema ukweli wangu, tangu nistaafu hapajawahi kuwa na watu wanaonisikiliza vile, na sikuwa nimesema neno. Darasani nilikuwa napiga meza mpaka kiganja kinavimba.

Pumzi iliporudi nikamwambia, "Mama, mimi natafuta Kilimanjaro."

"Kilimanjaro wamehama, baba," akajibu upesi. "Wako mtaa wa pili, na hao ndio hawatoi risiti kabisa!"

Akafika mwenyekiti wa wafanyabiashara wa jengo, baba mmoja mwenye kofia, nyuma yake watu kama kumi wameshajaa ngazini. Akaomba kwa heshima kitambulisho. Nikatoa cha ustaafu. Akakigeuzageuza. Akaomba kwa heshima zaidi aone daftari. Nikampa, nina cha kuficha mimi? Akalifungua, akasoma kwa sauti ili ghorofa nzima isikie: "Plasta ya chumba cha nyuma. Bati mbili. Koki ya tenki. Kumdai shemeji."

"Si nilisema!" mama wa vitenge akashika kifua. "Si nilisema ni wa shemeji!"

Niliwaeleza. Niliwaeleza kwa Kiswahili fasaha, kwa mpangilio, mpaka na bibi wa miaka 89 nikamtaja. Kwanza hawakuamini. Kisha kikaanza kicheko ghorofa ya nne, kikapanda ya tano na ya sita, kikateremka hadi barabarani, mageti yakafunguliwa tena gragragra, na mtu mmoja akauliza mlima huo nimekosea kituo gani. Nikainuka kwa heshima iliyobaki, nikasema asanteni kwa soda.

"Elfu nne, baba," akasema mama wa vitenge. Macho hata hayakupepesa. "Na za sambusa."

Nimelipa. Kileleni sikufika, zilibaki ghorofa mbili, na kushuka ndiko kulikonivunja magoti. Mlangoni yule mlinzi shikamoo hakuitoa tena. "Mzee, siku nyingine sababu uandike vizuri," akaniambia, rungu limeshapanda mapajani.

Sasa binti yangu amepiga simu anacheka, anasema hiyo ndiyo raha ya kuwa na orodha, baba, unapata vituko. Vituko! Mimi nina kituko kimoja kinatosha, nimekioa. Na tusidanganyane, mimi orodha nilikuwa nayo ujana wangu wote, ila hapa kwetu haikuitwa orodha. Iliitwa mwakani. Mlima, mwakani, mkubwa akishamaliza ada. Mwakani, wa pili akishamaliza. Mwakani, tukishaezeka. Mwakani mama akipata nafuu, na mama hakupata. Kila Desemba nafungua ramani ukutani darasani, naweka kidole palepale, karatasi imechakaa pale ikatoboka, Kilimanjaro ya darasa la sita B ikawa tundu. Halafu leo mtoto niliyemsomesha kwa hizo mwakani zote ananiletea daftari tupu na kalamu, ananiambia haya, baba, andika unachotaka. Kwa goti gani?

Sina hasira naye. Nina hasira na koki.

Maana katika fedheha ile nusura niisahau, nikainunua nje kwa machinga, mbiombio, kichwa chini. Nusu inchi. Nimefika nyumbani, tenki letu ni robo tatu. Nimeijaribu, inaingia na kutoka kama kidole puani. Nimempigia machinga, maana namba aliiandika mwenyewe kwenye risiti, ndiyo, yeye risiti anatoa, anasema mali ikishauzwa hairudi, ila nikimletea ileile na elfu mbili juu atanifikiria. Yuko wapi? Mlangoni pa jengo lilelile. Mjukuu amefurahi, anasema, "Basi babu kesho unamalizia ghorofa mbili." Bibi yake yeye daftari ameshalipatia kazi, kachana ukurasa wa mbele wenye mlima wangu na mapigo ya moyo, kaukunja mara nne, kauziba kwenye uvujaji wa tenki na kuufunga kwa mpira wa baiskeli. Na umeshika, jamani! Tone haliteremki. Tangu Pasaka nahangaika mimi na...

Eeh? Yametoka? Ya saa hizi? Naam, nakuja! We mtoto, nipe mkono. Hesabu. Na hiyo ya bluu isogeze ukutani huko, nisije nikaikanyaga.