Gari ndogo ya oto: cc ndogo sio lazima mafuta kidogo

Mjadala wa gari ndogo za otomatiki hauishi. Mmoja anasema Toyota Vitz yake ya cc 1000 (cc ni ukubwa wa injini, 1000 ni lita moja) inampa kilomita 18 kwa lita, mwingine mwenye gari ile ile na injini ile ile analalamika haivuki 10 na anahisi ameuziwa gari mbovu, basi watu wanaanza kuitana waongo. Mimi naona wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kabisa. Tunaziongelea hizi namba kama vile zimegongwa kwenye bodi ya gari pamoja na chesisi namba, wakati sehemu kubwa inatoka barabarani, kwenye mzigo na kwenye mguu wa dereva.

Namba za kiwandani ndio zinazopotosha watu wengi. Gari ndogo nyingi za Japani za miaka ya 2000 zilipimwa kwa utaratibu unaoitwa 10-15 mode, yaani gari iko juu ya rola ndani ya maabara, injini imeshapata moto, mwendo wa wastani ni kama kilomita 23 kwa saa na haivuki 70, AC imezimwa, hakuna mlima wala watu siti ya nyuma. Baadae kikaja kipimo kingine cha Japani, JC08, ambacho sehemu yake gari inawashwa ikiwa imepoa, namba zikashuka. Halafu WLTP, kipimo cha kimataifa ambacho Ulaya kilianza kutumika 2017 na kinafika mpaka kilomita 131 kwa saa, kikazishusha tena. Toyota Aqua ilivyotoka mwishoni mwa 2011 ilikuwa kilomita 40 kwa lita kwa kipimo cha zamani na 35.4 kwa JC08, gari hiyo hiyo moja! Na mwaka 2016 Mitsubishi walikiri kwamba takwimu za mafuta za gari zao za cc 660 zilichezewa. Kwa hiyo ile namba ya kwenye katalogi itumie kulinganisha gari na gari zilizopimwa kwa kipimo kimoja, ila usiipigie bajeti ya mwezi.

Sasa wanaozitetea gari ndogo wana hoja, na kwa mtu wa mjini ni hoja nzito. Kwenye foleni kazi kubwa ya injini ni kuliondoa bodi pale liliposimama, halafu breki inakula mwendo wote uliokwisha kuulipia mafuta, halafu unaanza upya. Gari ya kilo 900 lazima ikushinde wewe mwenye kilo 1,500 hapo, haina ubishi. Na ile muda gari imesimama inaunguruma tu kwenye sailensi, injini ya cc 1000 inachoma kama nusu lita au zaidi kidogo kwa saa, injini ya lita 3 inaweza kwenda mara mbili au tatu ya hapo, na wote mmetembea kilomita sifuri. Ongeza oili ya injini ambayo ni kama lita 3 tu, matairi madogo ya bei nafuu, na nchi nyingi kodi inaangalia ukubwa wa injini. Hayo yote yanajilimbikiza mwaka hadi mwaka.

Lakini itoe hiyo gari mjini. Weka watu wazima watano na mizigo, hapo umeongeza kilo 400 kwenye gari ya kilo 900, halafu ipandishe mlima mrefu na AC ikiwa imewashwa. Injini ya silinda tatu yenye nguvu za farasi 70 hivi itabidi ikanyagwe mpaka chini, giaboksi inashusha gia, mshale wa mizunguko ya injini unapanda elfu nne, elfu tano kwa dakika, na ukikanyaga mpaka mwisho kompyuta inaongeza mafuta kuliko kiwango chake cha kawaida ili injini itoe nguvu na isipate joto kupita kiasi. Kwenye barabara tambarare nako kuna upepo, maana ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa nguvu ya upepo inayokuzuia inakaribia kuwa mara mbili, na hizi gari nyingi ni fupi na zimesimama wima, umbo lake halikati upepo vizuri. Zile za oto ya gia nne ndio zaidi, gia ya mwisho imeisha lakini injini bado inalia. Ndio maana mtu wa safari ndefu za kila wiki mimi namwambia achukue bodi dogo hilo hilo lakini la cc 1300 au 1500, atakuta mafuta yanalingana au anabana zaidi, na injini haiteseki.

(Na hii ya kutelezesha kwenye nyutro kwenye mteremko tuiache jamani. Gari ya nozeli (inayopuliziwa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta) ukiachia pedeli ya mafuta ikiwa kwenye D na mwendo upo, kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka N injini inahitaji mafuta ili isizime, kwa hiyo unatumia zaidi na breki ya injini umeipoteza.)

Kuna hesabu moja naona haizungumzwi kabisa. Tunapima kwa kilomita kwa lita, na hicho kipimo kinadanganya macho. Kwa kila kilomita 1,000, gari ya 10 kwa lita inakula lita 100, ya 12 inakula 83, umeokoa 17. Sasa toka 16 nenda 18, lita 62.5 zinakuwa 55.6, umeokoa 7 tu. Zote ni "nyongeza ya kilomita mbili" lakini ya kwanza ina faida zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo anayetoka kwenye gari kubwa kwenda ndogo anaona unafuu wa kweli, ila hawa wanaogombana Toyota Passo na Vitz ipi inabana zaidi wanagombania lita chache sana kwa mwezi.

Chukua mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari ya 14 kwa lita itamla lita 1,071 na ya 12 lita 1,250, tofauti ni lita 179 kwa mwaka mzima. Zidisha na bei ya mafuta ya kwako, halafu kaulize bei ya giaboksi ya CVT (ile oto ya mkanda isiyo na gia) na ufundi wake. Hapo ndipo pesa ya mwenye gari ndogo ya oto inapoishia, na mimi naamini ndio swali la kwanza la kuuliza kabla hata ya mafuta.

CVT inabana mafuta kweli, maana haina gia za kuruka, mkanda wa chuma unazunguka ukiwa umebanwa na puli mbili zinazobadilika upana na injini inabaki kwenye mzunguko inaoupenda. Lakini huo mkanda unaishi kwa oili yake. Oili ya CVT imetengenezwa ishike chuma kwa chuma, na mtu akimwagia ATF (oili ya giaboksi za oto za kawaida) kwa sababu "oili ni oili tu" mkanda unaanza kuteleza vibaya, puli zinachanika, vyuma vinazunguka ndani na safari imeisha. Dalili yake ya mapema ni gari kutetemeka ikianza kuondoka, au injini inalia mwendo hauongezeki. Mimi niko upande wa wanaobadilisha oili hiyo kila kilomita 40,000 hivi hata kama kitabu kinasema ni ya maisha yote. Oto ya zamani ya gia nne inakula kidogo zaidi lakini ni ngumu na inasamehe, kwa mtu anayenunua gari iliyotumika na hajui ilitunzwaje ningemshauri hiyo bila kusita.

Halafu kuna gari ambazo ulaji wake sio wa gari bali wa ubovu uliozoeleka. Kubwa kuliko yote ni thamostati iliyong'olewa, yaani ile valvu inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate moto. Gari ilichemsha siku moja, fundi akaitoa, gari haichemshi tena na kila mtu akafurahi. Ila injini sasa haifiki joto lake, kompyuta inaona bado ni baridi na inaendelea kumwaga mafuta kama vile umeiwasha asubuhi, safari nzima. Honda Fit ya kwanza ile ya injini ya i-DSI ina plagi 8, mbili kila silinda, na kuna zinazobadilishwa 4 zinazoonekana tu na zile za nyuma zinabaki mpaka zinaoza. Breki inayong'ang'ania, upepo mdogo kwenye matairi, sensa ya oksijeni iliyochoka, hayo nayo. Kabla hujasema cc 1000 yako inakunywa, jaza tanki mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, tembea mpaka karibu liishe, jaza tena kituo kile kile na ugawanye. Usiamini ile ya kwenye dashibodi, nyingi zinajipendelea.

Haibridi ndogo (yenye injini ya mafuta na mota za umeme) kama Aqua inajibu tatizo la foleni kuliko zote, maana ile nguvu inayopotea kwenye breki inarudishwa kwenye betri, na giaboksi yake haina mkanda kabisa, ni gia na mota mbili. Kwenye mwendo mrefu wa kasi faida hiyo inapungua sana. Wasiwasi unahamia kwenye betri, na betri inauawa na joto, kwa hiyo ukienda kuangalia iliyotumika piga magoti uangalie tundu la hewa la betri pale chini ya siti ya nyuma, kama limeziba vumbi na nyuzi za zulia basi punguza bei ya betri nzima kwenye ofa yako.